Mbuzi, kondoo, nguruwe au bata bukini: nani aingie kwenye bustani iliyogeuka kichaka?

Kabla hujauliza ulete mnyama gani, ingia bustanini ujipime. Magugu yanakufika wapi? Kama ni kwenye vifundo vya miguu, hizo ni nyasi tu zilizokosa wa kuzikata. Kama ni magotini, nyasi zimeshachanganyika na magugu ya majani mapana, na machipukizi ya miti yameanza kujificha humo. Kama ni kifuani, au huoni tena ukuta kwa sababu ya mitambazi, hapo huna bustani, una kichaka. Kipimo hicho kinakuambia mengi kuliko ukubwa wa eneo, kwa sababu kila mnyama ana kimo anachopenda kulia.

Mtu ninayemfahamu alileta kondoo watatu wamsafishie pembe iliyojaa miiba. Baada ya wiki mbili njia ya kupitia ilikuwa fupi kama zulia, na miiba haikuguswa. Akawalaumu kondoo. Mimi niliwahurumia, kwa kuwa walikula chakula chao na kuacha kisicho chakula chao. Aliyehitajika pale ni mbuzi.

Mbuzi: anakula kichwa kikiwa juu

Mbuzi si mla nyasi kwa moyo wake. Ukimwachia achague, ataanza na majani ya vichaka, ncha laini za matawi, mitambazi na magome, na nyasi ataziweka mwisho. Mdomo wake ni mwembamba na mdomo wa juu ni mwepesi kuchezacheza, hivyo huchomoa jani katikati ya miiba bila kuumia. Husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemeza ile ya mbele kwenye tawi, na kula majani yaliyo juu ya kichwa cha mtoto. Hupanda miteremko ambayo mtu mwenye mashine angeteleza. Pia huvumilia majani machungu na makakasi ambayo kondoo na ng'ombe huyakataa.

Ndiyo maana kazi za kusafisha vichaka hupewa yeye. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilileta mbuzi wapatao 200 kusafisha uwanja uliojaa magugu kwenye makao yake makuu, Mountain View, California. Mwaka 2013 makaburi ya kihistoria ya Congressional Cemetery mjini Washington yalileta kundi la mbuzi kula mitambazi iliyokuwa ikiisonga miti pembezoni mwa eneo. Miongoni mwa mitambazi hiyo ulikuwamo mmea wenye utomvu unaowasha ngozi ya binadamu vibaya, ambao mbuzi hula bila kudhurika. Huko Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, mbuzi walitumwa kupambana na kudzu, mtambazi unaofunika miti na majengo kusini mwa Marekani.

Lakini mbuzi hatakuachia bustani safi, na watu wengi huvunjika moyo hapa kwa sababu hawakuambiwa mapema. Anakula jani na ncha, kisha shina lenye unene wa kidole gumba linabaki limesimama. Kundi likiondoka, utaona mifupa ya kichaka: fito tupu, visiki, na takataka zote zilizokuwa zimefichwa. Hiyo ni faida, kwa sababu sasa unaona unakokanyaga na unaweza kuingia na panga au msumeno, ila kazi ya mwisho ni ya mkono wako.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi: mbuzi hajui mti upi unaupenda. Chakula ambacho majani hutengeneza hushuka kwenye mizizi kupitia tabaka lililo chini tu ya gome. Gome likiguguniwa kulizunguka shina lote kama pete, mizizi hufa njaa na mti hufa, hata kama leo unaonekana mzima. Mti wa matunda uliopandwa miaka kumi iliyopita unaweza kumalizwa kwa mchana mmoja. Ukiwa na miti ya thamani, izungushie waya wa wavu, na waya huo usiguse shina. Uwe mbali kiasi kwamba mbuzi akiegemea kwa uzito wake wote bado asifikishe meno. Maua na mboga usihangaike kuzilinda moja moja. Zitenge nje ya uzio kabisa.

Kondoo: kichwa chini

Kondoo ni mla nyasi. Hupenda pia magugu laini ya majani mapana, hula karibu na ardhi, na huacha uso wa ardhi ukiwa sawa. Kwa bustani ya kimo cha vifundo au magoti, hasa iliyo chini ya miti mikubwa ya matunda, simwoni wa kumshinda. Gome hulitafuna mara chache kuliko mbuzi, ingawa miti michanga bado inahitaji kulindwa. Na ana heshima na uzio.

Historia yake kwenye viwanja vya watu wakubwa ni ndefu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Rais Woodrow Wilson wa Marekani alifuga kondoo kwenye uwanja wa Ikulu yake ili kuokoa nguvukazi ya wakata nyasi, na sufu yao ikapigwa mnada kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Mwaka 2013 jiji la Paris liliweka kondoo wanne wa aina ya Ouessant kwenye uwanja wa jengo lake la kuhifadhi nyaraka. Ouessant ni miongoni mwa kondoo wadogo kabisa duniani. Dume hufika takriban nusu mita tu begani. Kwa bustani ya nyumbani udogo huo una maana: kwato nyepesi, chakula kidogo, na rahisi kumshika.

Usimpeleke kondoo mwenye sufu ndefu kwenye miiba, kwani sufu hunasa, naye huweza kukwama siku nzima. Sufu iliyolowa kinyesi huwavutia nzi wanaotaga mayai, na mabuu humla akiwa hai, kwa hiyo kukata sufu kila mwaka si jambo la hiari. Wapo kondoo wa nywele wasiohitaji kukatwa. Kwa mtu asiye mfugaji ningependekeza hao kwanza. Na kuna jambo moja ambalo huua kondoo kimyakimya: madini ya shaba. Ini la kondoo huyahifadhi na huyatoa polepole sana, hivyo chakula cha ziada au jiwe la chumvi lililotengenezwa kwa ajili ya mbuzi, nguruwe au kuku linaweza kumlimbikizia sumu hadi siku anaanguka ghafla. Ukiwaweka mbuzi na kondoo pamoja, kila kinacholetwa kutoka dukani kiwe ni cha kondoo.

Uzio ndio unaoamua

Wengi huchagua mnyama kwanza, kisha ndipo wanafikiria uzio. Geuza. Uzio ulio nao, au ulio tayari kuujenga, utakupunguzia uchaguzi haraka.

Kondoo wa kawaida hutulia ndani ya wavu wa kimo cha mita moja hivi. Mbuzi anataka mita 1.2 au zaidi, na hata hapo atajaribu kupanda, kupenya chini, kuegemea, au kutumia rundo la mawe lililo karibu kama ngazi. Wavu wa umeme unaohamishika humweza, lakini mbuzi asiyeujua lazima afundishwe kwanza kwenye eneo dogo mbele ya macho yako. Akiugusa kwa pua mara moja, ataukumbuka. Umeme ukikatika, atajua kabla yako. Mbuzi mwenye pembe anaweza kunasa kichwa kwenye wavu, kwa hiyo uzio hukaguliwa asubuhi na jioni bila kukosa. Majani yanayogusa nyaya hunyonya umeme, ndiyo maana mstari wa uzio hufyekwa kabla wanyama hawajafika.

Najua wengi hufunga kamba kwenye kigingi. Kwa saa moja ukiwa umekaa pale, sawa. Kumwacha mnyama amefungwa kutwa nzima sikubaliani nako kabisa: kamba hujizungusha kwenye vichaka, maji humwagika, kivuli huhama, na mbwa wakija hana pa kukimbilia. Mbwa wa mitaani, na hata mbwa mpole wa jirani, ni hatari kubwa kwa mifugo midogo.

Tena, usilete mmoja. Mbuzi na kondoo ni wanyama wa kundi. Akiwa peke yake atalia, ataacha kula na atatafuta njia ya kutoka. Wawili ndio mwanzo.

Nguruwe: anakuachia shamba, si bustani

Tofauti na wote waliotangulia, nguruwe anafanya kazi chini ya udongo. Pua yake hufukua mizizi, vitunguu vya ndago na nyasi zinazotambaa ardhini, vitu ambavyo mbuzi na kondoo hukata juu tu vikachipua tena. Kama unataka eneo ligeuzwe kuwa kitalu cha mboga, na hujali likionekana kama limelimwa kwa fujo, nguruwe wawili wadogo kwenye eneo dogo lililozungushiwa umeme kwa kimo cha pua watafanya kazi ambayo jembe lingekuchosha wiki nzima.

Ukitaka kubakiza nyasi, achana naye. Udongo ukiwa umelowa, ataukanyaga mpaka ushikamane kama tofali, na kwenye mteremko mvua itauchukua. Mabaki ya jikoni yenye nyama asipewe: ni njia mojawapo ya kueneza homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na tiba.

Wenye mabawa na wadogo

Bata bukini hudharauliwa bila sababu. Ni mla nyasi halisi, na hupenda nyasi kuliko mimea mingi ya majani mapana. Kwa sifa hiyo wakulima wa Marekani waliwatumia kwa miaka mingi kupalilia mashamba ya pamba na stroberi: bata walichomoa nyasi na kuacha zao. Ndege wachanga walioanza kuota manyoya hufanya kazi hiyo vizuri kuliko wakubwa. Hawahitaji bwawa, ila lazima wapate chombo chenye maji ya kutosha kuzamisha kichwa kizima ili wasafishe macho na pua. Kelele zao ni kubwa, dume huuma wakati wa kuatamia, na kinyesi hutapakaa kila mahali. Kwa kichaka hawana msaada wowote.

Kuku hali kichaka pia. Mlete mwishoni, ardhi ikishakuwa wazi, achakure mbegu na wadudu. Sungura na simbilisi ndani ya kizimba kisicho na sakafu, kinachosogezwa kila siku, huweka nadhifu kipande kidogo cha nyasi. Sungura atachimba, simbilisi hachimbi.

Ng'ombe na punda ni kwa eneo kubwa. Ng'ombe hukusanya nyasi ndefu kwa ulimi na hawezi kuzikata chini sana, na uzito wake huumiza ardhi yenye unyevu. Punda ana meno ya mbele juu na chini, hivyo hukata karibu kabisa na udongo, kisha huacha mabaka marefu pale anapojisaidia. Nyasi nono zikimzidi hupata maradhi ya kwato yenye maumivu makali.

Sumu zilizopandwa kwa ajili ya urembo

Hapa naomba msomaji asiruke. Bustani iliyotelekezwa si malisho ya kawaida. Ni mahali ambapo mtu fulani, zamani, alipanda vitu kwa sababu vilipendeza. Oleanda, kichaka cha maua, huua mbuzi, kondoo, ng'ombe na farasi kwa majani machache, yakiwa mabichi au makavu, kwa kuushambulia moyo. Rododendroni na azalia, nazo za maua, huwatapisha na kuwalegeza mbuzi na kondoo. Lantana, ambayo yenyewe mara nyingi ndiyo kichaka unachotaka kiondoke, huharibu ini na kuifanya ngozi iungue kwa jua. Majani ya mparachichi huumiza kiwele na moyo. Mnanaha na mbegu za mbarika zinajulikana. Majani ya muhogo na mtama mchanga yanaweza kutoa sianidi, na vivyo hivyo majani ya mcheri yakinyauka.

Mtu atakuambia mnyama anajua mwenyewe kipi asile. Kuna ukweli humo, mradi mnyama ana chakula kingine. Lakini kazi tunayompa hapa ni ya kumbana: tunamweka kwenye kipande kidogo, pamoja na wenzake, mpaka amalize hata asichokipenda. Mbinu ileile inayosafisha kichaka ndiyo inayomlazimisha kuonja sumu. Kwa hiyo tembea na mtu anayejua mimea kabla ya siku ya kwanza, ung'oe au kuzungushia uzio kila unachokitilia shaka, na waombe majirani wasitupe matawi waliyopunguza upande wako, hata kwa nia njema. Kusanya pia mifuko ya plastiki, kamba na vipande vya waya. Vikimezwa hubaki tumboni. Kama eneo lilipuliziwa dawa ya magugu, soma kibandiko kinasema nini kuhusu muda wa mifugo kukaa mbali.

Wanyama wasiingizwe wakiwa na njaa. Tumbo la mcheuaji linahitaji siku kadhaa kuzoea chakula kipya, na kundi lenye njaa likivamia majani laini yenye umande linaweza kuvimba tumbo na kufa siku hiyohiyo. Wape nyasi kavu asubuhi, kisha wafungulie.

Minyoo na kimo, tena

Mnyoo mbaya zaidi wa mbuzi na kondoo kwenye maeneo yenye joto na unyevu hunyonya damu tumboni. Mayai hutoka na kinyesi, na ndani ya siku chache minyoo wachanga hupanda kwenye majani, wengi wakibaki katika sentimita kumi za chini. Mbuzi anayekula kichaka cha kifuani yuko juu ya hatari hiyo. Mbuzi huyohuyo akiachwa mpaka kichaka kiishe na aanze kukwangua nyasi fupi, anaumwa haraka kuliko kondoo, kwa sababu kinga yake dhidi ya minyoo ni dhaifu. Nenda ukafunue kope la chini: likiwa jekundu, damu ipo, likiwa jeupe kama karatasi, muite daktari wa mifugo. Huko Afrika Kusini waliitengenezea kazi hiyo kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, na leo inatumika nchi nyingi.

Dawa ya kwanza ni kuwahamisha mapema. Gawa bustani vipande, wakae siku tatu au nne, wasogee. Mbuzi na kondoo huambukizana minyoo ileile, kwa hiyo kubadilishana wao kwa wao hakuvunji mzunguko. Ng'ombe au punda akipita baada yao, husaidia.

Kukodi, kumiliki, au mashine?

Magugu hayafi kwa kuliwa mara moja. Mizizi ina akiba. Majani yakiondolewa, mmea hutumia akiba hiyo kuchipua upya. Ukiwarudisha wanyama machipukizi yanapofungua majani, kabla mmea haujarudisha ulichotumia, akiba hupungua. Mara ya pili huwa dhaifu, mara ya tatu mimea mingi hushindwa. Anayekodi kundi mara moja kisha akaridhika atakuwa na kichaka kilekile msimu ujao.

Kwa kichaka cha kifuani, mimi ningekodi. Kundi la mbuzi wengi kwa siku chache hula kila kitu kwa usawa, na mwenye kundi huja na uzio wake, maji yake na uzoefu wake. Mbuzi wawili wa kufuga hawatoshi kwa kazi hiyo: mbuzi wa kilo 40 hula kama kilo 4 hadi 7 za majani mabichi kwa siku, na kichaka kinakua huku yeye akichagua vitamu. Kisha, kichaka kikiisha, mbuzi wako bado wana njaa kila asubuhi kwa miaka kumi na zaidi ijayo. Muulize mwenye kundi kama wanyama wamechunguzwa minyoo na kwato, watalala wapi, na nani atakuja usiku mbuzi mmoja akitoroka.

Kwa nyasi za magotini ambazo zitarudi kila mvua, kumiliki kunaeleweka, hasa kondoo wadogo wawili au watatu, wote majike au madume waliohasiwa, ili kundi lisijiongeze. Beberu asiyehasiwa usimlete nyumbani. Harufu yake pekee itakugombanisha na majirani. Kabla ya lolote, uliza mamlaka ya eneo lako kama mifugo inaruhusiwa.

Mashine inabaki bora pale ambapo eneo ni dogo, tambarare na halina mawe, au ambapo hakuna mtu wa kukagua maji na uzio kila siku. Inamaliza kwa mchana mmoja na hailii usiku. Inachokuachia ni marundo ya kubeba, wakati wanyama huacha samadi. Samadi hiyo mbichi iheshimu: kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, na 90 kwa yasiyougusa.

Kwa bustani niliyoieleza mwanzoni, ya kifuani, ningepanga hivi: mbuzi wa kukodi kabla magugu hayajatoa mbegu, siku wanapoondoka, kuingia na panga na kukata fito zote chini kabisa wakati zinaonekana. Machipukizi yakifika kimo cha kiganja na kufungua majani, mbuzi warudi. Warudi tena mara ya tatu. Nyasi zikianza kutawala pale palipokuwa na miiba, hapo ndipo kondoo wafunguliwe mlango.